Maneno ya Kiingereza yanayoanza kufanana (disappear, immigrant, accommodate...) mtoto anayachanganya, kuna kanuni au ni kukariri tu?

Mama Tunu

Habari za jioni wadau. Naomba msaada wa kweli hapa, kwa walimu na yeyote aliyewahi kuhangaika na jambo hili. Nakaa na mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili shule ya kata, kichwa anacho, hesabu anapiga vizuri, baiolojia anaipenda mpaka anakuhadithia, shida iko kwenye kuandika Kiingereza. Yaani neno analijua na maana yake anaijua, ukimuuliza kwa mdomo anakujibu bila wasiwasi, mwambie aandike ndo kasheshe inaanza.

Nimekaa na madaftari yake kwa utulivu nikagundua kwamba hakosei ovyo ovyo, anakosea mwanzoni mwa neno. Kuna haya maneno yanaanza kama mapacha halafu moja lina herufi mbili na jingine moja. Kwenye daftari la uraia kaandika "imigrant", mstari wa chini yake kaandika "emmigrant", kinyume kabisa na kitabu. Disappear kaiandika "dissappear", s mbili p mbili, halafu kwenye baiolojia dissection, ambayo kitabuni ina s mbili, yeye kaweka moja. Describe anaandika "discribe". Perform anaandika "preform". Accommodate ndo usiseme, kila ukurasa ina sura yake.

Mtoto kasoma msingi kwa Kiswahili kama watoto wengi wa shule za serikali, unavyosikia ndivyo unavyoandika, kafika kidato cha kwanza masomo karibu yote ni Kiingereza. Shuleni wanamwambia kariri, tuisheni nako wamempa karatasi ya maneno akariri. Anakariri usiku, asubuhi yote yamechanganyika kwa sababu yanafanana, na sasa ameanza kuchagua maneno mafupi mafupi kwenye insha ili asikosee, hicho ndo kinaniuma zaidi maana anajua mengi kuliko anavyoandika.

Swali langu, kuna kanuni yoyote ya huu mwanzo wa maneno au ni kukariri mpaka kichwa kizoee? Kama ipo naombeni mnieleze kwa Kiswahili cha kawaida ili na mimi nimweleze jioni tukikaa mezani.

Mwalimu wa Chaki

Mama Tunu hongera sana, na nasema kwa dhati, wazazi wengi wanaona alama nyekundu tu hawaangalii alama iko wapi. Wewe umeona kwamba makosa yana mpangilio, na kosa lenye mpangilio linatibika. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi na jibu langu ni hili, kanuni ipo na mtoto aliyesoma kwa Kiswahili anaielewa haraka kuliko anavyodhani.

Maneno karibu yote uliyoyataja yana vipande viwili au vitatu, kiambishi mbele shina nyuma, na mengi yametoka Kilatini, mengine yakapitia Kifaransa kabla ya kufika Uingereza. Mtoto wako ukimwandikia "hatukuwaona" atakukatia vipande hapo hapo, ha-tu-ku-wa-on-a, alishafundishwa msingi. Basi afanye hivyo hivyo kwenye Kiingereza, tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa inawezekana.

Anza na dis-. Hiki kiambishi kina s moja tu, haiongezeki haipungui, na shina linakuja na herufi zake lenyewe. Appear ina p mbili tangu kwao, ukiweka dis- mbele unapata disappear, s moja p mbili. Appoint vile vile, disappoint. Sasa njoo kwenye dissection, shina ni sect, maana yake kukata, na hilo linaanza na s yake. S ya dis- inakutana na s ya sect, ndo maana ziko mbili. Dissolve ni dis- na solve, dissatisfied ni dis- na satisfied. Kwa hiyo asihesabu s, ajiulize swali moja tu, nikiitoa dis- kinabaki nini? Akiandika "disolve" akaitoa dis- kinabaki "olve", hapo ataona mwenyewe kwamba shina limenyang'anywa herufi. Swali hilo hilo linajibu misspell, ambayo ni mis- na spell kwa hiyo s mbili, na mistake, mis- na take, s moja. Linajibu pia unnecessary, ambayo ni un- na necessary.

Immigrant na emigrant. Migrant ni mhamaji. Anayetoka nje ya nchi kaanza na e-, ambayo ni ile ex- ya exit na export imefupishwa, kwa hiyo emigrant ina m moja tu, ile ya shina. Anayeingia ndani kaanza na in-. Sasa mtoto atauliza mbona haiandikwi "inmigrant", na hapa ndo nataka umwambie kitu anachokifanya kila siku bila kujua. Muulize, barabara ikiwa -refu tunasemaje? Ndefu. Nyumba ikiwa -zuri? Nzuri. Na ikiwa -bovu? Atasema mbovu, hawezi kusema "nbovu" hata umlipe. Kiambishi cha ngeli hiyo ni n- lakini ikikutana na b midomo inajifunga yenyewe inakuwa m-. Warumi walikuwa na midomo kama yetu. In- yao, iwe ya ndani au ya kinyume, ikikutana na p, b au m ikawa im-, impossible, imbalance, immigrant. Ikikutana na l ikageuka il-, illegal, illiterate. Ikikutana na r ikawa ir-, irregular, irresponsible. Kwa hiyo zile herufi mbili hazijawekwa kwa kumkomoa mtoto, moja ni n ya kiambishi iliyogeuka, nyingine ni ya shina. Akielewa mbovu ameelewa immigrant.

Kiambishi kinachosumbua kuliko vyote ni ad-, maana yake kuelekea mahali, kwa sababu d yake inageuka kufuata herufi ya mbele mara nyingi. Ndo anapata account, affect, allocate, announce, appear, arrive, assist, attend. Yote hayo ni ad- imevaa nguo tofauti! Address imebaki kama ilivyo, ad- na dress, d mbili. Aggressive ni ad- na gress, hiyo gress ni ile ile ya progress na congress, kwa hiyo g mbili s mbili na zote zina sababu.

Sasa mwandikie accommodate kwenye karatasi uikate hivi: ac / com / mod / ate. Ac- ni ad- iliyogeuka, inaleta c ya kwanza. Com- inaleta c ya pili na m ya kwanza. Mod inaleta m ya pili. Hilo neno linawashinda mpaka watu wazima maofisini, lakini ukishaliona limekatwa hivyo c mbili na m mbili zinakaa zenyewe. Recommend nayo ni re- na commend, kwa hiyo c moja m mbili, wanaoweka c mbili pale wamechanganya na accommodate.

Leo mpe dis- na in- tu, hii ad- ije baadaye.

Steshenari ya Kona

Mwalimu shikamoo, hiyo ya mbovu sijawahi kuisikia darasani na nimemaliza form four. Mimi kazi yangu ni kutaipu, CV na barua za maombi ya kazi kutwa nzima, naomba niongeze moja ambayo naiona kila siku mpaka kwenye mabango barabarani. Stationary na stationery. Yanaanza sawa kabisa mpaka herufi ya saba. La kwanza ni kitu kilichosimama, hakiendi, wale wa fizikia wanalijua. La pili ni karatasi, kalamu, bahasha. Zamani huko Ulaya muuza vitabu mwenye meza yake ya kudumu aliitwa stationer, tofauti na machinga anayezunguka, na alichouza ndo kikaitwa stationery. Kwa hiyo e inatoka kwenye jina la muuzaji, stationer, kama baker na teacher. Mabango mengi ya maduka yetu yameandikwa kwa a, mtoto akipita anaona hivyo kila siku halafu shuleni anakatwa maksi, bora umwambie mapema.

Kwenye CV kinachoongoza ni "reccomendation", baada ya hapo "comitee". Committee ni com- na mit, ile ya commit, halafu mwishoni t mbili na e mbili. Nikimtaipia mtu huwa narekebisha na namwonyesha kabla sijaprinti ili aondoke nayo.

Mama Tunu

Mwalimu shikamoo, Mungu akubariki sana. Nimemwita nikamwuliza ile ya nyumba -bovu akacheka, akasema kumbe Kilatini nacho kina ngeli. Tumefanya dis- hapa mezani, ameirekebisha disappear mwenyewe bila mimi kumwambia. Sasa naomba tumalizie mbili zilizobaki, per- na pre-, halafu des- na dis-. Kwenye hizo mtoto ananiambia akizisikia zote anazisikia sawa, na kwa kweli hata mimi masikio yangu hayatofautishi.

Nesi wa Zamu

Dada Mama Tunu hapo per- na pre- niachie mimi, kwetu wodini hizo herufi chache za mwanzo ndo maisha ya mtu, huwa nawaambia wanafunzi wanaokuja kwa vitendo wasizidharau.

Pre- ni kabla. Prepare, prevent, predict, previous, zote zina ukabla ndani yake. Premature, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Prescribe, daktari anaandika kabla mgonjwa hajachukua dawa. Per- ni kupitia, au kupita mpaka mwisho kabisa. Percent, permit, persist, perfect. Pro- ni mbele, progress, produce, promote. Mwambie asisikilize sauti, maana kwenye mazungumzo ya haraka Mwingereza mwenyewe anaimeza, aulize maana. Kuna ukabla hapa? Kama hakuna, usiandike pre-. Perform hakuna ukabla, ni kutekeleza jambo mpaka liishe. Na angalieni, preform lipo kwenye kamusi, maana yake kuumba kitu kabla, kwa hiyo akiliandika kwenye simu halitapigiwa mstari mwekundu, ataona kapatia kumbe kaandika jingine.

Prescribe na proscribe yameachana kwa herufi moja na maana ni mbingu na ardhi, la pili ni kupiga marufuku. Warumi walikuwa wanaandika hadharani majina ya watu waliotangazwa maadui wa dola, ndo neno lilikotoka.

Kwetu kuna ante- na anti-. Kliniki ya wajawazito ni antenatal, ante- ni kabla, natal ni kuzaliwa. Nimeona "antinatal" kwenye kadi na kwenye mafaili, na anti- maana yake dhidi ya, kama antibiotic, kwa hiyo ukisoma ilivyoandikwa ni kliniki ya kupinga uzazi. Hyper- na hypo- ndo za hatari zaidi, hyper- juu, hypo- chini. Hyperglycaemia sukari imepanda, hypoglycaemia sukari imeshuka, na matibabu yake ni kinyume, ukimpa insulini mtu ambaye sukari imeshuka unaweza kumuua. Intra- ni ndani ya kitu, inter- ni katikati ya vitu, drip inayoingia kwenye mshipa ni intravenous.

Sasa kuna mbinu tunayoitumia kwenye dawa ambayo naona itamfaa mtoto wako kabisa. Kuna dawa mbili, chlorpromazine ya magonjwa ya akili na chlorpropamide ya kushusha sukari, zinaanza sawa herufi nane nzima. Kwa ajili ya majina ya namna hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilianza mwaka 2001 kuwahimiza watengenezaji waandike kwa herufi kubwa ile sehemu inayotofautiana, chlorproMAZINE na chlorproPAMIDE. Jicho linaruka pale panapofanana linasimama kwenye tofauti. Mwambie daftari lake aliandike hivyo hivyo, PREscribe PROscribe, ANTEnatal ANTIbiotic, eMigrant iMMigrant, ukutani juu ya kitanda kabisa.

dogo_PCB

Mimi nina mawazo tofauti kidogo na naomba msinielewe vibaya. Niko form six, sijawahi kujifunza hata kiambishi kimoja cha Kilatini na spelingi zangu ziko sawa, nilichofanya ni kusoma sana, magazeti ya Kiingereza, riwaya za maktaba, hata maelezo ya kwenye boksi la dawa. Ukiliona neno mara nyingi ukilikosea linakuuma macho. Naona mnampa mtoto mzigo mwingine wa kukariri, badala ya maneno sasa anakariri viambishi na kanuni zake na zisizofuata kanuni. Across ina c moja, mwalimu, mbona haifuati ad-?

Mwalimu wa Chaki

Kijana swali lako ni zuri na nafurahi umeliuliza kabla mtoto hajakutana nalo. Across haina ad- ndani yake, ni a na cross. Kiingereza kina a- nyingine ya kwake, fupi, inayokaa mbele ya maneno, away, aside, asleep, alive, na hiyo haizidishi herufi hata siku moja. Apart nayo ina p moja, na apartment vile vile ina p moja. Apologise ina p moja kwa sababu inatoka Kigiriki, kiambishi ni apo-. Mtego mwingine ni inoculate, watu wanaweka n mbili kwa kufikiria innocent, lakini ile ni in- na ocul, shina halina n, wakati innocent ni in- na nocent, shina lina n. Swali ni lile lile, ukikitoa kiambishi kinabaki nini.

Kuhusu kusoma sana nakubaliana na wewe mia kwa mia, na Mama Tunu kama kuna maktaba ya mkoa karibu mpeleke. Ila wewe ulipata magazeti na riwaya, kuna mtoto ambaye Kiingereza anachokiona kwa wiki nzima ni kile cha ubaoni na kile cha kwenye kitabu ambacho wanashea wanafunzi wanne. Huyo ukimwambia asome mpaka macho yazoee unamwambia asubiri miaka, na mtihani wa kidato cha pili ni mwaka huu. Kiambishi kimoja kinamfungulia maneno thelathini kwa mpigo, ndo maana nakiita njia ya haki kwa mtoto asiye na vitabu.

Na des- na dis- ambayo Mama Tunu aliuliza. Hapa asiyaone kama des-, aone de-, maana yake chini au kutoka. Describe ni de- na scribe, scribe ni kuandika, ile ile ya prescribe aliyoieleza nesi. Destroy ni de- na kujenga, yaani kubomoa kilichojengwa, shina lake ni ndugu wa structure. Descend, decrease, depend, zote kuna kwenda chini au kuning'inia. Dis- ni kutengana au kinyume, discover ni kuondoa kifuniko, disease ni dis- na ease, kukosa raha mwilini. Akishajua scribe ni kuandika basi "discribe" itamshangaza mwenyewe.

Ticha Nakuru

Hamjambo nyote, niko huku Nakuru nafunza shule ya msingi. Watoto wetu wanaanza Kiingereza mapema lakini shida ni hiyo hiyo, na wengine nyumbani wanatumia lugha ambazo l na r ni kitu kimoja, so correct na collect zinakuwa neno moja. Mimi huwaonyesha mwalimu anachosema, zote ni com- imegeuka. Cor- na rect, rect ni kunyoosha, iko kwenye rectangle na direct, kwa hivyo correct ni kunyoosha. Col- na lect ni kuokota na kuweka pamoja. Mtoto akiuliza teacher niandike r ama l, namuuliza unanyoosha ama unaokota? Anajijibu.

Kitu ningetaka kuongeza ni kamusi. Neno likikosewa mwisho bado utalipata kwenye kamusi, likikosewa mwanzo huwezi kulipata kabisa. Mtoto anatafuta nimonia kwenye n anakosa, anatafuta saikolojia kwenye s anakosa, kwa sababu Kiswahili kilichukua sauti kikaacha ile p, na sisi tuko sawa hapo, lakini Kiingereza kimeweka pneumonia na psychology zote kwenye p. Hivyo kwangu kuna karatasi ukutani ya milango iliyofichwa. Ukisikia n na hulioni, jaribu kn, knee, knife, knock, knot, ama gn kama gnaw, ama pn. Ukisikia s jaribu ps, psalm, ama sc, science na scene. Ukisikia r jaribu wr, write, wrong, wrist, wrap, ama rh kama rhythm. Unaona zile wr nyingi ni za kitu kilichopindwa ama kufungwa, wrist, wrap, wring, wreath, wrestle, hiyo inawasaidia sana wale wadogo. Wanatembeza kidole kwenye kamusi mpaka wanalipata, na neno ambalo mtoto amelitafuta mwenyewe halipotei.

Mswahili wa Hamburg

Hiyo kn Ticha naomba nichangie. Huku Ujerumani goti ni Knie na fundo ni Knoten, na k wanaitamka wazi kabisa, k-nii, k-noten. Kiingereza ni ndugu ya Kijerumani na zamani Waingereza nao waliitamka k kwenye knee na knife, na w kwenye write. William Caxton alileta mashine ya kuchapa Uingereza mwaka 1476, vitabu vikaanza kuchapwa na tahajia ikaanza kuganda polepole, halafu karne ya 17 hivi midomo ya watu ikaiacha k lakini vitabu vilishazoea kuiandika. Mwanangu anasoma shule ya hapa na Kiingereza anajifunza kama lugha ya kigeni, nikamwambia aisome knife kimoyomoyo kwa Kijerumani, k-nife, na hajaisahau tangu hapo. Huyo wa kidato cha pili naye asome hivyo kichwani wakati anaandika, k-nee, w-rong, p-salm, mdomoni atatamka kawaida.

Mama Tunu

Jamani sijui nianzie wapi kushukuru, nimenakili yote kwenye daftari maalum. Karatasi ya nesi tumeshaibandika, kaandika kwa kalamu nyekundu zile herufi kubwa. Ticha wa Nakuru milango iliyofichwa ameipenda mno, kapata gnat mwenyewe kwenye kamusi akaja kuniuliza kama ni mbu. Mwalimu maswali yake ni mawili. La kwanza, desert na dessert, jangwa na kile kitamu cha baada ya chakula, kaangalia kwa de- na dis- hajapata jibu. La pili, necessary, kaniambia anaweka c mbili kwa sababu ya success.

Mwalimu wa Chaki

Mwambie maswali hayo ni ya mtu anayefikiri. Desert ni de- na sert, yaani mahali palipoachwa, s ni moja, ya shina. Dessert imetoka Kifaransa, desservir, kuondoa vyombo mezani, kile kitamu kinakuja vyombo vya chakula vikishaondolewa. Des- hiyo ni dis- ya Kifaransa, ina s yake, na servir ina s yake, zimekutana mbili. Kwa hiyo kanuni yake ya dissection imefika mpaka kwenye keki. Kuhusu gnat, ni kidudu kidogo kinachoruka, kinafanana na mbu ila mbu wetu ni mosquito.

Necessary, shina ni cess, lile lile la process, access na success. Shina siku zote lina c moja mbele na s mbili nyuma, angalia vizuri. Success ina c mbili kwa sababu ya kiambishi, ni sub- iliyogeuka suc-. Access ni ad- iliyogeuka ac-. Process ni pro-, inaishia na irabu, haina cha kugeuka, c moja. Necessary ni ne- na cess, nayo inaishia na irabu, c moja. Aikate ne / cess / ary.

Kuanzia sasa mpe imla kila jioni, maneno machache tu, sita saba yanatosha, umtajie neno, akate kwa mkwaju (/) kwanza ndo aliandike kwa ukamilifu, na akikosea usimwambie jibu, mwambie toa kiambishi usome kilichobaki. Wiki hii dis- na in-, inayofuata ad- na com-. Kisha amalizie na sub-, nayo inageuka sana, support, suffer, suggest, succeed. Akizikata hizo nne mwenyewe ziweke hapa nizisahihishe.